Mgeni Atakaa Wapi?

Goti la mama lilikuwa limekataa kazi, na daktari wa Thika alisema bila upasuaji azoee magongo. Pesa za upasuaji hatukuwa nazo. Lakini kulikuwa na mpango wa serikali: nyumba ikionekana haina kitu, inalipiwa bima ya afya. Kijana anakuja na simu, anauliza maswali machache, sakafu ni ya nini, mnapikia nini, kuna sofa, kuna tivi, na kila jibu lina alama. Alama zikizidi, umekosa.

Nilimpigia mama simu kutoka Ruiru. "Mama, tafadhali, usiguse nyumba. Iache vile iko."

"Sawa," akasema. Laiti ningejua hiyo sawa ni ya kunitoa tu kwa simu.

Nilipofika kwa mama Witeithie siku ya kijana kuja, nilidhani nimekosea mlango. Sofa ya jirani ilikuwa imejaza chumba chetu hadi mlango haufunguki vizuri. Vitambaa vyeupe vimepigwa pasi. Tivi ya jirani imekaa juu ya meza yetu, na jirani mwenyewe anaifuta vumbi, ameridhika kabisa.

"Ngai! Mama, umefanya nini?"

"Mgeni wa serikali atakaa wapi? Kwa ndoo?"

Si uongo, kwetu mgeni hapokewi na nyumba tupu. Sofa hiyo huazimwa kila mlango, imekaliwa na wakwe wa ploti nzima.

Kijana akaingia, akazama kwa sofa, akapewa chai ya maziwa.

"Shosho, mna sofa?"

"Si hiyo umekalia!"

"Tivi?"

Mama akaiwasha, aone vile picha ni safi.

"Hizi vitu ni za kuazima!" nikalipuka.

"Huyu msichana wangu anapenda mzaha," mama akasema, akamwongezea chai.

Kijana akatoka, akaingia mlango wa pili, kwa jirani. Huko akapata chumba kitupu na jirani ameketi kwa kreti ya soda. Wacha wee! Bima akalipiwa jirani, yeye ambaye magoti yake huruka kwa kwaya kila Jumapili.

Nilikasirika nikaenda kulalamika ofisini kwao mpaka wakakubali kurudi. Siku hiyo nilisimama mlangoni, nikaapa hakuna sofa itapita hapa. Kijana akakaa kwa ndoo tuliyoipindua. Mama alimjibu akiangalia sakafu. Sofa, hakuna. Tivi, hakuna. Sauti yake ilizidi kushuka, na mimi niliyepigana hivyo tuonekane maskini nikashindwa kumtazama. Niliona aibu, na huruma pia.

Tulilipiwa, na goti likatengenezwa. Siku hizi mama anapanda ngazi za kanisa bila kushikwa. Watu wakimpongeza anamshukuru Mungu kwanza, kisha ananinyooshea kidole.

"Huyu mnamwona? Ndiye alimkalisha mgeni wangu kwa ndoo."