Kamanda Aliyekuja Kuomba Mablanketi

Mwanangu, kuna Jumapili moja ambayo nikiikumbuka moyo bado unanienda mbio, na sasa nina wajukuu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi huku karibu na Sironga, na kijijini kwetu hakukuwa na msichana aliyesema Kiswahili vizuri kama mimi. Nami nilijua hivyo.

Habari zikaja kwamba kamanda wa wapiganaji wa msituni, kutoka nchi ya kusini iliyokuwa bado mikononi mwa Wareno, anazunguka Kenya akiomba msaada, na kanisa limemwalika kwetu. Mwalimu mkuu akaniambia nitakuwa mkalimani: mgeni atasema Kiswahili, mimi nitageuza kwa Ekegusii, lugha yetu. Wiki nzima sikutulia kwa furaha.

Siku ilipofika watu walijaa uwanja wa shule. Wengine walikuja kwa miguu kutoka mbali, hata Gesima. Tulitarajia jitu, kwenye gari la kanisa akashuka mtu mfupi, mwembamba, koti limemzidi mabega, mguu mmoja anauburuta kidogo. Jina lake la kweli hakulitaja. Tuliambiwa tumwite Kamanda. Akanisalimia kwa mikono miwili.

Alizungumza taratibu. Alisema wanawake wao hubeba unga siku nne porini. Vijana hubeba majeruhi kwa machela za miti. Yeye mwenyewe alimbeba rafiki yake aliyekanyaga bomu, akamfia mgongoni. Mwanzoni nilitafsiri hivyo hivyo. Lakini niliona watu wamenyamaza, wengine wanatazama chini, nami nilitaka makofi. Nisikufiche, mwanangu, nilitaka makofi.

Aliposema walivuka mto wakikimbia, mimi nikasema walivuka wakimfukuza adui. Uwanja ukalipuka. Kina mama wakapiga vigelegele, wanaume wakapiga miguu chini, na mwili wangu wote ukasisimka. Nikazidisha. Aliposema hospitali yao ya porini haina mablanketi, nikasema vita vimekosa wapiganaji. Kisha nikapaza sauti, nikasema mgeni anauliza nani ataondoka naye.

Vijana wakasimama. Wa kwanza alikuwa Ombati, ndugu yangu, mwana wa pekee wa kiume wa mama yetu. Nyuma yake wakasimama wengine, safu kwa safu. Nikamwona mama anaketi chini palepale kwenye nyasi. Kamanda akaniuliza kwa nini wale vijana wamesimama.

Ndipo akaja mbele Mzee Nyakundi, jirani yetu. Alikuwa amepigana Burma katika vita vya Wazungu, na Kiswahili alikijua tangu jeshini. Hakunikemea kwa sauti. Alisema kwa Kiswahili, ili na mgeni asikie:

"Binti yangu, mgeni ameomba mablanketi. Wewe umempa watoto wetu. Warudishe."

Nikamweleza Kamanda nilichofanya, mbele ya watu wote. Alinitazama, akamtazama Ombati kwa muda mrefu zaidi.

"Nimezika vijana wengi wa umri wa huyu," akasema. "Sikuja kutafuta wengine. Mwalimu, waambie hivyo, na usiongeze neno."

Nikawaambia, neno kwa neno. Nilidhani watatawanyika kwa hasira. Wapi! Mtu mmoja akaondoka mbio kuelekea kwake, kisha mwingine, kisha njia zote za kijiji zikajaa watu wanaokimbia. Wakarudi na mablanketi, mashuka, makoti ya mvua. Mama alileta blanketi la kitandani kwake. Gari la kanisa lilijaa hadi mlango ukafungwa kwa kamba, na vigelegele vya safari hii sikuvitafuta mimi.

Ombati alikaa miezi bila kusema nami. Nilikuwa nimemwaibisha, na alikuwa na haki.

Miaka mingi baada ya nchi ile kupata uhuru, mgeni mmoja wa kanisa alituambia kwamba Kamanda hakuiona bendera. Alikufa porini, muda mfupi kabla. Mgeni huyo alisema huko kwao bado kuna watu ambao Kamanda aliwavusha ule mto wakiwa wachanga, nao wamewapa watoto wao jina lake.

Basi nisikilize. Ukikabidhiwa maneno ya mtu, yafikishe yalivyo, hata kama hakuna atakayekupigia makofi. Na mtu akikusimulia vita mpaka utamani kusimama, muulize kwanza anahitaji nini hasa, na ni nani atakayezika. Kiongozi wa kweli utamjua kwa hao aliowarudisha nyumbani wakiwa hai.

Mungu akutangulie, mwanangu, akupe moyo wa kukiri unapokosea, na uzeeke huku watu wakiliamini neno lako.