Mishale Niliyomkatia Baba

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Majengo, Mpanda. Mageti na madirisha ndiyo yanayonilisha, na nikishika nondo najiona najua kila kitu. Huo ujuaji ndio ulioniponza kwa baba yangu.

Baba alikuwa Msukuma mrefu, aliyehamia Katavi na ng'ombe kabla sijazaliwa. Uzeeni, ng'ombe wakiwa wamekwisha na mama ameshatangulia, alibakiwa na furaha moja. Jumapili baada ya misa, kule kwao Magamba, wazee walisimika gogo la mgomba na kulilenga kwa mishale, wakitaniana kama vijana. Mwaka ule alianza kukosa, akawa anaulaumu upepo.

"Vichwa vyepesi hivi," aliniambia, akinionyesha ncha za mishale yake. "Si una machuma wewe? Nitengenezee vizito."

Nilifurahi kupita kiasi. Tangu niwaache ng'ombe wake nikakimbilia mjini, alikuwa hajawahi kuniomba kitu. Alipokwenda Kapalamsenga kumsalimia dada yangu, nikachukua upinde wake na mishale yote sita, nikang'oa vichwa vya zamani, nikafua vingine kwa nondo, vinene, uzito wake karibu mara mbili.

Mshale wa kwanza kuujaribu ulitoka kwenye upinde unajipinda kama samaki, ukaangukia pembeni. Kichwa kizito kilikuwa kimeushinda ule mti mwembamba wa mshale. Dawa yake ni kuupunguza urefu, maana mti mfupi ni mgumu, haujipindi ovyo. Nikakata upana wa kidole, nikarudisha kichwa, nikajaribu. Afadhali. Nikakata tena, na tena. Kufikia jioni yote sita ilikwenda moja kwa moja na kuzama kwenye mgomba. Nilijipongeza peke yangu kama mwehu.

Baba aliporudi alivipima vile vichwa kwa kiganja, akatabasamu. Jumapili akasimama mbele ya wenzake, macho kwenye gogo, akavuta kama alivyovuta miaka yote. Kichwa cha mshale kikarudi hadi ndani ya upinde, kikamchana kidole gumba cha mkono ulioushika. Aliuchomoa mshale, akauweka katikati ya kifua chake, akanyoosha mkono. Mshale uliishia kiganjani. Akauleta kifuani kwangu, akaninyoosha mkono. Kwangu ulifika kwenye ncha za vidole barabara.

Kwetu mshale wa mwanamume hupimwa kwa mkono wake, na mtu mwingine haukati. Anayeukata ni mrithi, akishatoka kumzika mwenye mshale. Nilikuwa nalijua hilo. Nilimwona baba akiikata mishale ya babu siku ya msiba, machozi yakimtoka. Lakini wakati nakata, nilifikiria tu jinsi mshale unavyoruka, na mkono niliojaribia ulikuwa wangu.

Wazee walishusha pinde zao.

"Nisamehe, baba," nilisema. "Sikukusudia."

"Najua," alisema. "Imekukaa vizuri."

Akanikabidhi na upinde, akaenda kukaa kwenye benchi, damu ikimdondokea kwenye suruali ya misa.

Hakushika tena upinde. Jumapili zilizofuata alirudi moja kwa moja nyumbani kutoka kanisani, na wenzake walipompitia alisingizia magoti. Afadhali angenitukana. Nilitafuta miti mipya, mirefu, nimtengenezee mingine, ikakaukia karakana bila kukatwa. Ilinibidi kwanza kuupima mkono wake, na kila nilipofika Magamba niliona aibu kumwambia aunyooshe. Tuliongea habari za mvua na mahindi. Nilijiambia, nitampima wiki ijayo. Kisha kiharusi kikampiga, mkono ukajikunja kifuani, na sasa hata ningethubutu kumwomba, usingenyooka.

Alifariki asubuhi moja, nyumbani kwake. Mimi na baba mdogo ndio tuliomwosha. Mwili ulikuwa bado na joto, na ule mkono uliokuwa umekakamaa ulikuwa umelegea. Niliuvuta kidogo tu, ukanyooka. Nikatoa mfukoni kamba niliyotembea nayo miezi yote ile, nikaiweka katikati ya kifua chake, nikaipitisha juu ya mkono taratibu hadi kwenye ncha ya kidole kirefu, nikafunga fundo.

Baba mdogo alinishika bega.

"Acha, mwanangu," alisema kwa upole. "Fundi wa jeneza atakuja kupima mwenyewe."

Nilibaki nimeushika mkono wa baba, nikilia kwa sauti mbele ya mdogo wake, kwa sababu hatimaye nilikuwa na kipimo.