Sikio la Kushoto la Bwana Shadli

Haya nimeyapata kwa Bi Dalenda mwenyewe, na Bi Dalenda hasemi uongo isipokuwa akiulizwa umri wake.

Bwana Shadli alitimiza miaka sabini Jumapili moja ya mwezi wa saba. Hakuwahi kuisherehekea siku yake hata mara moja. Nusu karne nzima amekaa kwenye duka lake la kofia nyekundu za sufu, pale sokoni mji mkongwe wa Tunis, akizisugua kwa miiba mikavu hadi ziwe laini kama shavu la mtoto mchanga. Ukimuuliza umri wake, hukwambia, "Wewe uliza umri wa kofia, mimi niache."

Lakini mwaka huu binti yake, Hayati, alimwambia, "Baba, sabini si mchezo. Jumapili tunatoka, tunakwenda kuzunguka mjini. Wewe sema tu unataka twende na nani."

Bwana Shadli akajifanya anafikiri. "Labda tumwambie na Bi Dalenda. Maskini, hatoki yule."

Hayati akauma mdomo asicheke. Bi Dalenda, mjane auzaye nyuzi na vifungo duka la mkabala, hutoka kila siku ya Mungu.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi huku, asumini zikichanua, wanaume huvaa vishada vyake masikioni. Mwenye kuvaa kulia, ana mwenyewe. Mwenye kuvaa kushoto, yuko peke yake na mlango hajaufunga. Bwana Shadli alivaa kulia siku zote za ndoa yake, na mkewe, Wasila, alipofariki, akaendelea kuvaa kulia miaka tisa mingine, maana mkono ulishazoea. Sasa alikuwa amekata shauri. Siku atakapotimiza sabini, ua litahamia kushoto, na Bi Dalenda ataliona, na yeye atamwomba waishi nyumba moja kwa halali.

Wiki nzima alifanya mazoezi ya maneno yake mbele ya kofia. Kitu kimoja tu hakukikumbuka.

Jumapili asubuhi wakashuka wote watatu hadi kwenye barabara kuu ya miti. Bi Dalenda amevaa gauni la buluu na viatu vipya vinavyombana, lakini hakuna atakayemsikia akilalamika. Pale penye kona wakamkuta muuza asumini, jibaba lenye masharubu, sinia kichwani.

"Mzee wangu! Sura imekunjuka leo, kuna harusi?"

"Siku yangu ya kuzaliwa."

"Basi nakuchagulia kishada mimi mwenyewe. Sikio lipi?"

Bwana Shadli akakohoa. Akatazama kama Bi Dalenda yupo karibu. Yupo, anafunga kamba ya kiatu. "La kushoto," akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza dawa.

Muuza asumini akainua mkono, kisha akausimamisha hewani. "Mzee, hapa pana mtu."

Hapo ndipo Bwana Shadli alipokumbuka. Sikio la kushoto lilikuwa na mashine yake ya kusikilizia. Hayati alimnunulia mwaka jana na kumwapisha asiivue. Na ndiyo hiyo tu aliyonayo, kwani sikio la kulia lilishafunga duka siku nyingi.

Akasimama kidogo, watu wanampita huku na huku. Aonekane, au asikie? Akaitoa mashine, akaiviringisha kwenye leso, akaitia mfukoni. Ua likakaa kushoto, jeupe, linanukia. Na mji wote ukanyamaza kama umezimwa.

Hayati akaliona ua, akatabasamu, lakini hakujua kuhusu leso. Bi Dalenda naye akaliona. Ninajua aliliona, kwa sababu aliniambia, "Nililiona nikajifanya naangalia njiwa."

Basi wakazunguka. Wakala maandazi ya moto yenye sukari, wakanywa maji ya limau mkahawani, na Bwana Shadli akaitikia kila kitu kwa furaha kubwa.

"Joto leo!" Bi Dalenda akasema.

"Mtoto? Mtoto gani?"

"Umechoka?"

"Nimecheka? Sijacheka."

Bi Dalenda akamwangalia kwa pembe ya jicho. Akadhani mzee ametahayari. Wanaume wakitahayari, alinieleza, hujibu upuuzi wowote.

Mchana wakapanda teksi ya manjano hadi bustani ya Belvedere, kwenye bwawa la bata. Hayati akawakalisha kwenye benchi lenye kivuli, akasema anakwenda kuchukua keki aliyoagiza, na kwamba foleni itakuwa ndefu. Siku ya Jumapili adhuhuri, foleni gani? Lakini akaenda, tena kwa haraka.

Wakabaki wawili. Bi Dalenda anawamegea bata mkate. Bwana Shadli akajifuta jasho, akarekebisha kofia yake, akaanza. Aliyasema yote. Kwamba yeye ni mtu wa sabini, hana makubwa, ana duka na mkono ambao bado hautetemeki. Kwamba kila Ijumaa sahani ya kuskusi ikivuka kutoka duka la mkabala, yeye hula na kuiosha taratibu ili sababu ya kuirudisha isiishe upesi. Kwamba kama Bi Dalenda yu radhi, Hayati atapeleka posa.

Kisha akangoja.

Bi Dalenda akajibu, ila hakumtazama, aliwatazama bata. Akajibu kwa urefu. Bwana Shadli akaona taya likienda, mkono ukienda, mkate ukienda. Je, ni ndiyo? Ni hapana? Angewezaje kumwambia arudie? Mtu hurudia bei ya vifungo, hili halirudiwi. Mwisho mdomo ukatulia, na bibi akageuka kumkabili, anangoja. Bwana Shadli akachagua neno lisilokosa mahali.

"Ahsante sana. Na wewe pia."

Bi Dalenda akakodoa macho. "Na mimi pia nini? Nimekuuliza kama unakoroma!"

Akamwona anatabasamu tu, tabasamu la mtu aliye upande wa pili wa kioo. Ndipo alipoelewa. Akainama, akatazama nyuma ya ua, hamna kitu. Akajigonga sikio kwa kidole, akanyoosha kiganja.

Bwana Shadli akaitoa leso polepole, kama mwanafunzi aliyekamatwa akiwa na peremende. Na Bi Dalenda akalichomoa lile ua kwenye sikio lake la kushoto.

Hapo Bwana Shadli alikufa kidogo, mwenzangu. Alidhani jibu ndilo hilo. Akaichomeka mashine, ikapiga mluzi, kisha bata wakarudi, na watoto, na honi za mbali.

"Unanisikia?" Bi Dalenda akauliza.

"Nakusikia."

"Shadli, wewe mwanamume una akili kweli? Unamposa mtu halafu unaziba masikio!"

"Nilitaka ulione ua."

"Ua nililiona asubuhi. Sina mtoto wa jicho mimi." Akalizungusha lile ua kwenye vidole. "Nimeuliza, unakoroma?"

Bwana Shadli akafikiri kuhusu uongo, akauacha. "Nakoroma. Wasila alikuwa akinipiga teke."

"Basi mimi pia nakoroma. Usiku tutakuwa hatuna wa kulalamika, maana wewe hicho kidude utakuwa umekivua." Akasogea, akamwinulia kofia kidogo upande mmoja, akalichomeka ua kwenye sikio la kulia. Akalibonyeza likae. "Huko kushoto acha mashine. Nina mengi ya kusema."

Hayati alirudi na keki. Alitazama sikio, akaketi, akalia kidogo, akakata vipande vikubwa.

Jioni wakirejea kwa miguu, muuza asumini bado yuko pale kwenye kona. Akawaona, akapiga kelele barabara nzima igeuke: "Mzee! Mimi nilikuwekea kushoto! Nani amelihamisha?"

Bwana Shadli, mashine iko mahali pake na kila neno limemfikia, akaweka kiganja sikioni.

"Nimecheka?" akajibu. "Sijacheka."