Nusu Tofali Ndani ya Kompyuta

Mama Chapa alikuwa na vidole vyepesi kuliko mdomo wake, na mdomo wake nao haukuwa mzito. Kazi alijifunzia kwenye taipureta, akiwa binti wa ofisini. Akahamia kwenye kompyuta, na ofisi ilipopunguza watu akafungua kibanda chake mwenyewe kwenye mtaa wa maduka. Barua za maombi, mikataba ya kupanga nyumba, risala za harusi. Ulimpa karatasi yenye mwandiko kama kuku amekwaruza, akakurudishia kitu ambacho ungeweza kukiweka mbele ya bosi yeyote bila wasiwasi.

Kompyuta yake ilikufa asubuhi moja, katikati ya mkataba. Fundi aliifungua, akanusa, akasema moyo umeungua na vipuri vyake havipatikani tena. Akachukua matumbo yote kama chakavu, akamwachia ganda.

Binti wa Mama Chapa, ambaye anafanya kazi mji mwingine, alipokuja likizo alimkuta mama amekaa mbele ya skrini nyeusi kama mfiwa.

"Mama, kompyuta ya nini? Mbona unayo mfukoni?"

Akaichukua simu ya mama yake, akaichomeka kwenye kidude kidogo chenye matundu manne. Tundu moja akaunga skrini ile ile ya zamani, jingine kibodi, jingine kipanya, la mwisho printa. Skrini ikawaka. Mama Chapa akachapa sentensi ya kwanza, akachapa ya pili, akageuka kumtazama mwanawe. Ilikuwa nyepesi kuliko ile iliyokufa.

"Kwa hiyo hivi vingine vyote ni viungo tu," akasema, "na kichwa ndiyo simu."

"Na kichwa unakwenda nacho nyumbani. Ukikichomeka kwenye skrini nyingine kesho, unaendelea pale pale ulipoishia. Siku kikichoka unaweka tableti mahali pake, mwili unabaki huu huu."

Furaha ile ilidumu siku tatu. Siku ya nne aliingia bwana mmoja mwenye kesi ya mpaka wa kiwanja, akaiona simu imelala kando ya kibodi na mawaya yake kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu. Akauliza mashine iko wapi. Alipoelezwa, akakunja karatasi zake taratibu.

"Dada, mimi nimekuja kuchapiwa. Meseji hata mke wangu anajua kuandika."

Watu wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka. Mmoja akaondoka naye.

Mama Chapa alibaki na uso wa moto. Watu wasiojua kuchapa hata jina lao walikuwa wamemwona mbabaishaji, yeye mwenye miaka ishirini na sita kazini. Kabla ya kufunga siku ile akalitoa lile ganda kwenye kona, akalifuta, akaliweka chini ya meza mahali pake pa zamani. Mawaya akayapitisha kwenye matundu ya nyuma, simu akailaza ndani, na mbele akabandika kitaa kidogo cha kijani. Tatizo likawa uzito. Mteja akinyoosha mguu, ganda linateleza kama sahani tupu. Akatafuta nusu tofali, akalifunga kitambaa, akalitia ndani.

Yote hayo yalionwa na jirani yake fundi cherehani, ambaye mlango wake ulitazamana na dirisha la kibanda.

"Mama Chapa, naona mashine umeipa mimba," akasema. "Inajifungua lini?"

"Shona, baba. Usitoboe kidole bure."

"Mimi nashona. Nauliza tu ili niandae nepi."

Lakini wateja walirudi. Wakawa wanakaa kwenye benchi, wanalitazama lile sanduku na kitaa chake, wanatulia. Mama Chapa alipotaka kutoka, aliinama na kitambaa mkononi kana kwamba anafuta vumbi, akaichomoa simu, akaitia mfukoni. Skrini ikizimika, aliwaambia mashine inapumzika. Siku za mwanzo alijicheka moyoni. Baadaye akazoea, na alipozoea akaacha kucheka, maana uongo ulikuwa umeshakuwa sehemu ya kazi, kama kununua wino.

Ndipo akaja Babu Koki.

Huyu alikuwa fundi bomba wa mji, amestaafu, umri umesogea hadi sabini na kitu. Miaka arobaini alikuwa chini ya barabara, na hakuna koki iliyofukiwa ardhini asiyoijua. Aliona vijana waliochukua kazi yake wanachimba barabara nzima kutafuta bomba moja, akaamua kuandika kitabu: kila bomba linapita wapi, kila koki iko wapi, inafungwa kwa kuzungushwa upande gani. Alikiandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu, kwa kalamu ya wino wa kujaza aliyopewa siku ya kustaafu. Kila Jumanne na Alhamisi alikuja kibandani, akasoma, Mama Chapa akachapa.

Mzee alilipenda lile sanduku. Akifika, kabla hajakaa, analigonga kwa kiganja kama mtu anayemsalimu ng'ombe wake.

"Haijambo?"

"Haijambo, Babu."

"Na maneno yangu yote yamo humu?"

"Yote, Babu. Yamo humo humo."

"Basi itunze, mwanangu. Daftari linaweza kuliwa na panya, lakini hii ina chuma."

Mama Chapa alikuwa anainamia kibodi. Mara mbili alikaribia kumwambia. Mara ya kwanza akaingia mteja. Mara ya pili hakuingia mtu, ila yeye mwenyewe akaona mzee atamwonaje, akameza mate na kuuliza walikuwa wameishia wapi.

Walikuwa wamemaliza sura tisa na kubakiza tatu siku ile ya Alhamisi karatasi zilipoisha. Mama Chapa akainama, akafuta vumbi lake, akaitia simu mfukoni.

"Babu, niangalizie kibanda. Nafuata rimu ya karatasi hapo ng'ambo."

"Nenda tu. Mimi na mwenzangu tupo," akajibu mzee, akaliwekea sanduku mkono.

Kwenye duka la vifaa vya shule palikuwa na foleni. Akiwa bado amesimama akasikia mlio kama gari limepinduka, kisha watu wakaanza kupiga kelele. Bomba kubwa la upande wa juu wa mtaa lilikuwa limepasuka. Maji yalishuka barabarani ya rangi ya udongo, yakaingia maduka ya upande wa chini bila kubisha hodi, na kibanda chake kilikuwa cha kwanza.

Yaliyotokea humo ndani alisimuliwa na fundi cherehani. Mzee aliona maji yanaingia mlangoni, yanakimbilia chini ya meza. Daftari lilikuwa mapajani pake. Akaliweka kwenye benchi, akapiga magoti majini, akachomoa mawaya ya nyuma moja moja kwa utulivu kama anayelegeza nati, akalikumbatia sanduku na kuinuka nalo. Alipogeuka, kona ya sanduku ikaipiga benchi, benchi ikalala, daftari likaenda na maji. Fundi cherehani akapiga kelele, "Babu, daftari!" Mzee akajibu bila kugeuka kwamba mikono yake imejaa. Akapanda ngazi tatu za duka la cherehani, akaliweka sanduku juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaomba spana, akaondoka na maji ya magotini kwenda kufunga koki ya juu ya mtaa, ambayo vijana wa kazini wangeitafuta mpaka jioni.

Mama Chapa alipopata njia ya kuvuka, maji yalikuwa yameshaanza kupungua. Alimkuta Babu Koki amekaa kwenye stuli ya fundi cherehani, suruali imeloa, mkono mmoja kiunoni. Daftari walikuwa wameliokota mtaroni. Lilikuwa limevimba, na kila ukurasa uliofunguliwa ulikuwa wa buluu tupu.

"Usilie, mwanangu," mzee akamwambia. "Tatu zimekwenda, lakini tisa nimezitoa. Hiyo hapo, haijaguswa hata tone." Akasugua kiuno. "Ila ina uzito. Nimebeba mabomba ya chuma ujana wangu wote, lakini hii imenikamata pabaya."

Fundi cherehani akamtazama Mama Chapa. Huyu aliyekuwa na utani wa kila saa akageuka, akajifanya anatafuta uzi.

Simu ilikuwa mfukoni mwa Mama Chapa, inambonyea pajani, ina joto la mwili wake na sura tisa za mzee. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Akasema, "Asante, Babu," akatafuta wa kumpeleka mzee nyumbani.

Mzee hakuja Jumanne. Alhamisi pia hakuja. Habari zikaja kwamba kiuno kimemlaza. Jumamosi Mama Chapa akaenda kumjulia hali, akamkuta kitandani kwenye chumba cha mbele, mito miwili mgongoni, na wageni wanne wamekaa kwenye viti wanasikiliza. Mkwe wa mzee alikuwa anamimina chai.

"Huyu hapa mwenye mashine," mzee akasema, uso ukafunguka. "Waambie, mwanangu. Hawa wanadhani naongeza chumvi. Waambie kama nisingeiinua ingekuwaje."

Wageni wakamgeukia. Mmoja, mzee mwenzake, akasema, "Tumesikia umri wako wote wa kazi umo kwenye lile sanduku, mama. Mungu amlipe huyu mtu." Mkwe akamletea kikombe kwa mikono miwili. "Baba tangu arudi hana habari nyingine," akasema. "Hata maumivu anayasahau akisimulia."

Mama Chapa alikishika kile kikombe na hakuweza kukinywa. Aliona kwamba akikubali kwa kichwa tu, mzee atakisimulia kisa hiki kila siku, kwa kila mgeni, mpaka afe, na kila mgeni atakwenda kukisimulia kwake. Na siku moja mmoja atapita kibandani kuiona hiyo mashine.

"Babu," akasema, "ndani hamkuwa na kitu."

"Wapi?"

"Ndani ya sanduku. Kompyuta ilishakufa zamani. Mimi nachapa kwa simu. Naificha humo ili watu waione mashine." Sauti ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyeikosa. "Siku ile simu ilikuwa mfukoni mwangu. Sura zako tisa nilikuwa nazo mimi, ng'ambo ya barabara."

Mgeni mmoja akakohoa. Mkwe akaweka birika chini.

"Na ule uzito?" mzee akauliza.

"Tofali, Babu. Nusu."

"La kuchoma au la saruji?"

"La saruji."

"Ndiyo maana," akasema mzee. Wageni wakakumbuka shughuli zao mmoja mmoja, wakaaga kwa sauti za chini, na hakuna aliyempa Mama Chapa mkono.

Walipobaki watatu mzee akasema, "Uliniona mshamba."

"Hapana, Babu. Nilijiona mshamba mimi. Kuna mtu alinicheka siku moja."

"Mtu mmoja?"

"Mmoja. Na wawili kwenye benchi."

Mzee akatikisa kichwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alikuwa anapiga hesabu ya jambo fulani, na alipoimaliza akaisema bila kupandisha sauti. "Nilikuwa na mikono miwili na vitu viwili. Ungeniambia, ningechukua daftari."

Mama Chapa alilia pale pale kwenye kiti, mbele ya mkwe, na kikombe chake kimejaa.

Jumanne iliyofuata alikwenda tena, safari hii na mfuko. Akatoa simu, kibodi na kidude chenye matundu. Mkwe, ambaye hakumkaribisha chai, alisema wanaweza kutumia televisheni ya chumbani. Mama Chapa akaichomeka simu, na sura ya tisa ikatokea ukutani kubwa, imesimama pale pale walipoishia.

Mzee aliitazama simu iliyolala wazi juu ya shuka.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

Hakuigonga wala hakuisalimu. "Andika, mchapaji," akasema. Hakumwita mwanangu siku ile, wala siku zilizofuata.

Sura ya kumi ilirudi karibu yote. Ya kumi na moja ilirudi kwa taabu, mzee amefumba macho, kidole kinachora mabomba hewani. Ya kumi na mbili ilianzia mtaa wa soko la zamani, ambao ramani yake aliichora kwenye daftari mara tu alipostaafu, kabla barabara haijapandishwa. Wiki mbili walishindana nayo. Mwishoni mzee akasema atatamka polepole na asibadilishiwe neno.

"Hapa pana koki mbili. Ya kwanza iko hatua kumi na nne kutoka kwenye ngazi za mashariki, inafungwa kwa kuzungushwa kushoto. Ya pili sikumbuki iko wapi. Ilikuwa kwenye daftari, na daftari lililowa."

Mama Chapa akachapa. Vidole vilifika kwenye nukta vikasimama.

"Babu, niongeze kwamba ni kwa sababu yangu?"

Mzee akaisoma ile sentensi kwenye skrini, kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu akairudia.

"Hapana," akasema. "Kitabu ni cha mabomba. Twende mtaa unaofuata."