Nilichomoa Waya, Namba Ikabaki

Nilichomoa waya wa kifaa cha kupimia maji. Namba kwenye kompyuta haikuondoka.

Ilibaki pale pale: 1.1. Chini yake, kwa rangi ya kijani, neno SALAMA.

Waya ulikuwa mkononi mwangu. Kifaa kilikuwa mezani, kimezima. Na kompyuta iliendelea kupima maji ambayo hayakuwepo.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, Kinyangiri, wilaya ya Mkalama, Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nayasimulia yalivyokuwa, pamoja na sehemu inayoniaibisha.

Naitwa Rebeka. Nilisomea kompyuta chuoni, kisha nikaajiriwa na ofisi ndogo ya mtu binafsi mjini Singida. Tunapima maji ya visima. Mimi nashughulika na programu. Mwenzangu Calist anashughulika na kifaa na gari.

Tunachopima zaidi ni floraidi. Ni madini yaliyomo kwenye maji ya ardhini. Yakizidi, mtoto anaota meno ya kahawia. Akiyanywa miaka mingi, mifupa inapinda. Kiwango tunachofuata ni miligramu moja na nusu kwa lita. Chini ya hapo, kisima kinapewa cheti. Juu ya hapo, hakifunguliwi.

Siku hiyo kisima kipya kilikuwa kinasubiri saini yangu.

Turubai lilishafungwa. Viti vilishapangwa. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Akina mama walipanga ndoo tangu alfajiri, na kaya mia tatu zingeanza kunywa maji yale jioni ile ile.

Ningesaini tu, kama si Calist. Aliitoa probu kwenye kikombe ili aifute. Probu ni ile fimbo nyembamba inayozama kwenye maji.

"Irudishe," nilimwambia, "bado inasoma."

"Inasoma nini? Ninayo mkononi hapa, naifuta."

Nikatazama kioo. 1.1. Kisha 1.0. Kisha 1.1.

Nikaweka probu kwenye kikombe kitupu. 1.1, SALAMA.

Ndipo nikachomoa waya.

Calist alirudi nyuma hatua moja. "Dada Rebeka, hiyo kitu ina pepo."

"Umegusa nini kwenye hii kompyuta?"

"Mimi? Usinitupie zigo. Mimi hata kuizima huwa nakuomba wewe."

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Yeremia, akasogea mezani. Alivaa koti lake la sherehe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Tunangoja nini?"

"Kompyuta inasumbua kidogo, mzee."

"Inasumbua? Mbona imeandika SALAMA? Macho yangu bado mazima."

Mama mmoja kwenye foleni akadakia, "Labda haijawahi kuona maji masafi, imepagawa!"

Foleni nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Simu yangu ilikuwa inaita.

Alikuwa bosi wangu, Akash. Amezaliwa Singida mjini, duka la baba yake liko palepale sokoni, na Kiswahili chake kinakimbia kuliko changu.

"Rebeka, mgeni ameshaondoka Nduguti. Namba ngapi?"

"Moja nukta moja."

"Si iko chini? Saini basi."

"Bosi, nimechomoa waya na bado inasema moja nukta moja."

"Chomeka tena, halafu saini."

Akakata.

Nilikuwa na nusu saa. Betri ilikuwa asilimia kumi na tisa, na umeme wa karibu ulikuwa ng'ambo ya shamba la alizeti, shuleni. Nikakaa chini na kufungua programu, mstari kwa mstari.

Hapa nieleze jambo moja la kazi yangu. Nitaeleza kwa kifupi.

Programu ile niliiandika kwa lugha ya C. Yenyewe haijui kuzungumza na kifaa. Inaazima ujuzi huo. Mtengenezaji wa kifaa hutoa faili linaloitwa maktaba, na ndani yake kuna kazi zote za kukisoma kifaa. Programu ikiwaka, inaliita faili hilo.

Kwenye Linux unaliita kwa dlopen, na faili linaishia na .so. Kwenye Windows unaliita kwa LoadLibrary, na faili linaishia na .dll. Majina ni tofauti, tabia ni moja. Faili likipatikana, unapewa mkono wa kulishika. Likikosekana, unapewa NULL. Yaani mikono mitupu.

Kompyuta yetu ya siku zote ilikuwa ya Linux. Wiki tatu kabla ya siku hiyo ilivunjika kioo ndani ya gari, kwenye barabara ya makorongo. Bosi akatupatia kompyuta ya dukani, ya Windows. Niliihamishia programu kwa siku moja. Ikawaka. Ikatoa namba. Nikaridhika.

Sasa nilikuwa natafuta namba hizo zinatoka wapi, wakati waya uko chini.

Nilizipata kwenye mstari wa mia mbili na kumi na nne.

Mstari ulisema hivi: maktaba ikiwa NULL, tumia namba za mfano. Namba za mfano zilikuwa tano. 1.1, 1.0, 1.1, 1.2, 1.1.

Juu yake kulikuwa na maelezo ya mwandishi. "Kwa ajili ya wageni tu. Iondolewe baadaye."

Na jina la mwandishi. Rebeka.

Nilikumbuka siku ile vizuri. Ilikuwa mwezi wa pili. Wageni walikuwa wanakuja ofisini kuona mfumo wetu mpya, na kifaa chenyewe kilikuwa bado kimekwama Dar es Salaam. Akash alisimama nyuma ya kiti changu akasema, "Mgeni hawezi kukaribishwa kwa kioo kitupu. Weka hata kitu kidogo." Nami nimelelewa hivyo hivyo. Kwetu mgeni hakuti chungu kitupu. Nikaweka kitu kidogo. Wageni wakafurahi, wakapiga picha.

Kisha kifaa kikafika. Kwenye Linux dlopen ilifanikiwa kila siku, kwa hiyo mstari ule haukuwahi kuguswa tena. Nilisahau kwamba upo.

"Umepata?" Calist aliuliza.

"Nimepata."

"Ni virusi?"

"Ni mimi."

Alinitazama akidhani natania.

Swali lilibaki moja. Kwa nini LoadLibrary ilikosa? Faili lilikuwepo, nililiona kwa macho. Niliufuta mstari wa mfano. Badala yake nikaandika kwamba maktaba ikikosekana, programu iseme sababu na izime. Nikaijenga upya, nikaiwasha.

Ikazima. Ikaacha namba moja: 193.

Namba hiyo naijua. Windows ilikuwa inaniambia: faili nimeliona, lakini halifanani na programu yako.

Nikatoa flashi ya mtengenezaji kwenye mkoba. Ndani yake mlikuwa na mafolda mawili, 32 na 64, na katika kila folda faili lenye jina lile lile. Programu yangu ilikuwa ya biti 64, na aina hizo mbili haziingiliani. Mimi, kwa haraka ya siku ile, nilichukua faili la biti 32.

"Binti," Mzee Yeremia aliita, "vumbi la magari lile kule. Nimwambie nini mgeni?"

"Mwambie anywe soda kwanza, mzee."

"Soda ni ya baada ya hotuba!"

"Basi hotuba ianze, mzee wangu. Naomba dakika kumi."

Akaenda, akilalamika peke yake.

Nilinakili faili la biti 64. Betri asilimia tisa. Nikachomeka waya, nikawasha.

Kioo kikaniletea namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe, ambayo kwenye kompyuta hii sikuwahi kuiona. Nikachomoa waya. Programu ikalalamika na kuzima. Sijawahi kufurahia lalamiko kama lile.

Hatukukimbilia kisimani. Tulirudisha waya, tukaanza na chupa ya maji tunayojua kipimo chake, 2.0. Ikasoma 2.0. Kisha Calist akachota maji ya bomba, akachanganya na dawa ya kipimo, akakoroga taratibu.

0.9.

Tukarudia. 0.9. Tukarudia tena. 0.8.

Maji ya Kinyangiri yalikuwa salama kweli.

Akina mama walipiga vigelegele. Calist akaketi chini kama gunia. "Umetutoa jasho la bure kabisa," alisema, "namba ya uongo na ya kweli ni ndugu."

Mzee Yeremia alichukua cheti kwa mikono miwili. "Si niliwaambia macho yangu mazima?"

Watu walicheka, nami nilijaribu kucheka. Lakini kichwani nilikuwa nahesabu siku.

Kompyuta ile tulikuwa nayo wiki tatu. Ndani ya wiki hizo tulitoa cheti kingine kimoja, siku kumi na mbili nyuma, katika kijiji ambacho nitakificha jina. Bomba lake lilishafunguliwa. Watu walikuwa wanakunywa.

Nilikwenda nyuma ya gari nikampigia Akash.

"Si kimetoka salama?" alisema. "Hongera. Rudini."

"Bosi, kile kisima kingine kilipimwa kwa namba za mfano."

"Jumatatu," alisema. "Mtapita kama mnasalimia, mtachota kopo moja. Kikiwa kizuri, hakuna neno."

"Na kikiwa kibaya?"

"Rebeka, meno hayaharibiki kwa siku nne."

Alikuwa sahihi. Ndiyo maana maneno yale yalikuwa ya hatari. Jumatatu nayo ingekuwa na Jumatatu yake.

Nilimweleza Calist kila kitu, bila kuacha mstari wangu. Alisikiliza huku akizungusha funguo kidoleni.

"Mafuta yapo," alisema. "Ila mimi simu ya bosi sijaisikia."

Tulichaji kompyuta shuleni, tukaondoka saa saba.

Bombani tulimkuta Mama Marietha, mwenyekiti wa kamati ya maji. Alitupokea kwa shangwe. Siku ile ya kwanza alituchinjia kuku.

"Wataalamu wangu! Mbona hamkusema mnakuja? Leo sina hata mchuzi."

"Shikamoo mama. Tumekuja kupima tena."

"Marahaba. Kuna nini tena? Cheti nimekibandika ofisini, kina muhuri."

"Nikimaliza nitakueleza, mama."

Tulianza na chupa. 2.0. Kisha maji ya bomba.

6.4.

Calist alifumba macho. Tukarudia. 6.3. Tukarudia. 6.4.

Kwenye kioo neno lilikuwa jekundu, na Mama Marietha anajua kusoma.

"Leo umepima mara ngapi?" aliniuliza.

"Tatu, mama."

"Na siku ile?"

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema maji hubadilika, au kifaa kilipata joto. Calist alikuwa ananitazama.

"Siku ile hatukupima, mama."

"Mlikaa hapa saa nzima. Mlizamisha hiyo fimbo. Mkala kuku wangu. Mkasema mmepima."

"Tulidhani tumepima. Programu haikukiona kifaa. Ikatoa namba nilizokuwa nimeziandika mimi, ofisini, kabla hiki kisima hakijachimbwa."

Nyuma yake kulikuwa na wanawake kumi na wawili, watoto migongoni, ndoo zimejaa.

"Usiniambie mimi," alisema. "Panda pale uwaambie wao."

Nilipanda kwenye zege la bomba. Nikasema yote, kwa maneno mepesi, na nikataja jina langu. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali. Mwanamke mmoja aliinama, akamwaga ndoo yake taratibu. Wa pili akafuata. Maji yakatiririka mpaka kwenye viatu vyangu.

Mama Marietha alifunga koki kwa kufuli. Kesho yake wangerudi kuchota kwenye mashimo ya mtoni, kilomita nne, na sababu nilikuwa nimeiweka mimi.

Akash alikasirika wiki nzima. Kisha alilipa gari la maji kwa kijiji kile kwa miezi miwili, kwa hiari yake, na hilo nalisema kwa haki yake. Kazini sikufukuzwa. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

Mwezi wa tatu uliofuata walichimba kisima kingine, upande wa pili wa kijiji. Mama Marietha alinipigia simu mwenyewe.

"Uje upime wewe. Sitaki mwingine."

Nilishangaa. "Mama, mimi ndiye niliyewadanganya."

"Wengi wamekuja hapa na namba zao," alisema. "Wewe ndiye pekee niliyekusikia ukisema hukupima."

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hata kama hujui C na huna haja ya kuijua, chukua hili moja. Ukiitwa ulete kitu, ukakosa, rudi useme umekosa. Usijaze pengo ili mtu afurahi. Kioo kitupu kinatia aibu kwa dakika moja. Kioo kilichojazwa uongo kinanyweshwa watoto.