Rasam ya Kabasa

Nilikaa Chennai wiki tisa na baba yangu, na katika wiki hizo nilijifunza kwamba India haina chakula cha Kihindi. Ina vyakula vya watu wa huku na vyakula vya watu wa kule, na kila mmoja anamshangaa mwenzake anawezaje kula vile. Mtu wa Mara hapaswi kushangazwa na jambo hilo, maana hata kwetu mtu wa ziwani na mtu wa ng'ombe hawajawahi kukubaliana mboga ni nini. Lakini mimi nilikwenda na biriani kichwani, nikidhani nchi nzima inashindia hiyo.

Baba alikwenda kufanyiwa upasuaji wa moyo. Nilichaguliwa kumsindikiza kwa sababu mimi ni mwalimu wa sekondari Musoma, ninajua Kiingereza, na sina mume wa kuniuliza nitarudi lini. Kikao cha ukoo kilizitaja sababu hizo kwa mpangilio huohuo. Mama alibaki Butiama na ng'ombe. Siku ya safari alitufungia unga wa muhogo uliochanganywa na mtama, mzigo mzima, akaniambia neno moja tu: "Asikonde."

Kabla ya upasuaji unga ule ulitufaa. Nilisonga ugali kwenye jiko la nyumba ya wageni na baba akala bila maneno. Baada ya upasuaji, siku aliporuhusiwa kutoka hospitali, nilimwekea ugali na mchuzi wa samaki. Alikula matonge mawili, akanawa. Kesho yake matonge mawili. Kesho kutwa moja. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta hoteli.

Ya kwanza nilielekezwa na mwenye nyumba, ambaye aliamini kwamba Waafrika wote wanakula kuku na chipsi. Baba, ambaye nilimletea kwenye mfuko, alizitazama zile chipsi akauliza kama amevuka bahari yote ile aje ale viazi. Ya pili ilikuwa na vitambaa vyeupe mezani na mchuzi mzito wa malai, krimu ya maziwa, na mhudumu aliniambia kwa fahari kwamba mpishi wao wamemtoa kaskazini. Alisema hivyo akiwa mtu wa kusini, katika mji wa kusini. Baba alionja akasema hiki ni chakula cha harusi, na harusi yenyewe si ya ndugu yake.

Ya tatu niliipata kwa kupotea njia. Ilikuwa nyuma ya kituo cha mabasi, na bango lake sikuweza kulisoma. Watu walikaa kwenye mabenchi, mbele ya kila mmoja jani la mgomba, na wanaume wenye ndoo za bati walipita wakimwaga. Kwanza wali. Halafu sambari, ambayo ni dengu na mboga. Halafu rasam, mchuzi mwepesi wa ukwaju, nyanya na pilipili manga isiyo na huruma. Mwisho, wali uliopondwa na mtindi, wa kumtuliza mtu baada ya hayo yaliyompata. Nilikula mpaka nikasahau nilichofuata. Nilipokumbuka, nilijaziwa rasam kwenye chupa ya chai nikaondoka nayo.

Baba alikunywa bakuli zima. Alitoka jasho, akasema, "Lete tena hiyo."

Nilikwenda kila siku. Alipoweza kutembea nikawa naenda naye. Alichanganya wali na rasam, akala kwa kujituma. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote alitambua mboga nne, na mojawapo ni maziwa. Nikaamini kwamba amefunuliwa. Nilijisifu moyoni kuwa mimi ndiye niliyemfunua. Niliwatumia walimu wenzangu maelezo marefu kwenye kundi letu la simu kuhusu tofauti ya sambari na rasam, maelezo ambayo hakuna aliyeyaomba, na wawili walijitoa.

Tukarudi nyumbani. Mama alipompokea baba hakusema lolote kuhusu uzima wake. Alisema shati limekuwa kubwa. Alichinja jogoo, akasonga ugali, akatenga. Baba akala matonge mawili, akanawa, akashukuru. Siku ya tatu aliuliza, mama akiwa anasikia, "Ile rasam haipatikanagi huku?"

Kwetu mwanaume akisusa chakula cha mke wake, hajasusa chakula. Amesema jambo, na mke ana haki ya kuita wazee wa ukoo waje wamuulize amesema nini. Mama alivumilia wiki mbili. Kisha akaniita kutoka Bweri, ninakoishi, akanikalisha jikoni kama mwanafunzi aliyekutwa na kosa.

"Huko nani alikuwa anampikia?"

"Tulikuwa tunakula hotelini, mama."

"Hotelini kuna mwanamke?"

"Kuna mwanaume mwenye masharubu."

"Sijakuuliza masharubu." Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Miaka arobaini na moja anakulaga ugali wangu. Wamemfungua kifua, wametoa na ugali. Jumapili ijayo naita wazee. Na akizidi kukonda hivi, wale wale wazee watakuja kwa msiba."

Nilimwomba aniachie wiki hiyo. Nilijua pa kuanzia, au nilidhani ninajua.

Musoma mjini kuna hoteli iliyoandikwa mbele kwamba inauza chakula cha Kihindi. Mwenyewe ni mzee aliyezaliwa palepale, baba yake alitoka Gujarat, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha ofisi yetu nzima ya walimu. Nilimwuliza kama ana rasam.

"Hiyo ni ya watu wa kusini, mwalimu. Sisi wa Gujarat."

"Lakini umewahi kuionja?"

"Niionje wapi? India nimeenda mara moja nikaumwa tumbo."

Alinifungia kachori na sambusa kwa kunionea huruma. Nilimpelekea baba. Alitafuna kachori moja kwa muda ambao ungetosha kutafuna tano, akasema asante. Lakini yule mzee wa hoteli alikuwa ameniambia jambo lingine nikiwa mlangoni. Alisema viwanda vya kuchambua pamba huko Bunda huwa vinaleta mafundi wa mashine kutoka kusini ya India, na watu hao hawali hewa, lazima kuna mtu aliyekuwa anawapikia.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini nikaenda Bunda. Kwenye mtaa wa Manyamanyama nilimwuliza dereva wa bodaboda wa kwanza kuhusu mchuzi mwepesi, mchachu, wenye pilipili manga. Nilijiandaa kueleza kwa kirefu. Hakunipa nafasi.

"Unataka supu ya Wahindi. Iko Kabasa. Panda."

Chakula bora cha Kitamili, cha watu wa Chennai, nilichokula nje ya India kinapikwa Kabasa, kwenye kibanda chenye mabenchi mawili, na mama mmoja wa makamo ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa nchi. Aliwapikia mafundi wale misimu sita ya pamba. Waliondoka, mmoja akamwachia mti wa majani ya mchuzi aliokuwa ameuotesha kwenye kopo, naye akaupanda nyuma ya choo, ukashika. Rasam haikuondoka nao kwa sababu walevi walikuwa wameshaijua. Wanakuja asubuhi, wanakunywa na chapati, wanaondoka wakiwa watu. Nilipewa bakuli. Nilitokwa na machozi, na si yote yaliyotokana na pilipili manga. Nilimwuliza amewezaje kuipatia namna ile.

"Ikikosa ukali walikuwa wanarudishaga," alisema. "Nikachoka kurudishiwa."

Nilimweleza kwamba Jumamosi nitamleta baba yangu, aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, na kwamba daktari alikataza chumvi alipoturuhusu kurudi, kwa hiyo ya kwake apike bila chumvi.

"Bila kabisa?"

"Kabisa."

"Mwalimu, hiyo itakuwa maji ya kufulia."

Nilimwambia ndiyo amri ya daktari, na kwamba baba hata nyumbani halalamiki.

Jumamosi nilikodi gari. Mama alitoka ndani amevaa gauni la kanisani na kukaa kiti cha mbele, wala hakuna aliyemwalika. Tulipofika Kabasa alimkagua yule mpishi juu hadi chini, akakagua sufuria, akakagua mabenchi, kisha akakaa karibu kabisa na baba, begi mapajani. Nilihisi kwamba kesi inasikilizwa na sisi wengine hatujaambiwa.

Rasam ya baba ikaja kwenye bakuli lake peke yake. Akanywa. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, akapumua, akanywa tena. Kwa mara ya kwanza tangu arudi niliona mikono yake ina haraka. Nilifurahi mno. Nilitaka yule mzee wa Musoma awepo aone.

"Vipi mzee, imekaa?" mpishi akauliza.

"Imekaa, mama," baba akasema. "Na chumvi umeipatia."

Mpishi akanitazama. Mimi nikatazama benchi. Mama alikuwa anamtazama baba, na nadhani alikuwa ameanza kumtazama hivyo zamani, tangu siku ya shati. Alichukua kijiko kutoka mkononi mwake, akachota kwenye bakuli lake, akaonja, mbele za watu. Mwanamke wa umri wake kwetu hafanyi hivyo. Akakirudisha kijiko taratibu.

"Chumvi imekolea?" akamwuliza.

"Imekolea."

"Hamna chumvi humu, mzee."

Mpishi akakumbuka kuni zake akatoka. Mimi sikuwa na kuni.

"Tangu lini?" mama akasema.

Baba alijifuta uso na leso. "Tangu waliponifungua."

"Husikii ladha yoyote?"

"Ugali ni kama natafuna kitambaa. Nyama, kitambaa. Hii inauma. Ikiuma najua nimekula."

"Sasa mbona hukusema?"

"Baba yangu alianzaga hivi hivi," alisema. "Akawa anasema mboga haina chumvi. Mama anaongeza, anaongeza. Mwezi haukuisha, tukamzika. Ningekwambia ungeanza kuhesabu siku."

"Mimi nilidhani umenikataa."

"Bora udhani hivyo. Wazee ningewajibu."

Mama alifungua begi lake, akalifunga bila kutoa kitu. Nami niliona aibu ambayo haijaisha hadi leo. Nilikaa benchi moja na mtu huyu wiki kadhaa, jani kwa jani, nikimhesabia mabakuli, na muda wote nilikuwa najifurahia mwenyewe. Nilijua tofauti ya sambari na rasam. Sikujua kwamba baba yangu anaogopa kufa.

Jumatatu nilimpigia daktari wa Chennai. Alisema inatokea, dawa nyingine hufanya hivyo, si dalili ya kifo. Akasema huenda ladha ikarudi. Alisema "huenda" mara mbili, na nilipomfikishia baba ujumbe niliisema mara moja.

Wazee hawakuitwa. Nilitegemea mama ataniomba nimfundishe kupika rasam, na nilikuwa nimeshaandika mahitaji yake kwenye karatasi. Hakuomba. Alisema kila mtu na jiko lake. Badala yake akaanza kukaa na baba wakati wa kula, kitu ambacho hakuwahi kufanya kwa miaka yote arobaini na moja, kwa kuwa nyumbani kwetu baba hula sebuleni na wanawake hula jikoni. Anaonja kwanza yeye, halafu anamwambia. Anasema leo ni mlenda, nimetia karanga, zimeungua kidogo, zina uchungu kwa mbali. Anasema kuku huyu ni yule mwekundu, amezeeka, mchuzi wake umekuwa mtamu kuliko yeye mwenyewe. Baba anakula huku anasikiliza. Siku hizi anafika matonge sita, mara nyingine saba.

Ladha haijarudi.

Mwezi uliopita mama alikwenda msibani kwa dada yake, nikatoka Bweri kuja kumpikia baba. Nilikaanga sato, nikasonga ugali, nikatenga sebuleni, nikamnawisha. Alikata tonge, akalichovya, akalishika mkononi. Nilisubiri aanze. Alikaa nalo tu. Ilinichukua muda kutambua kwamba ananisubiri mimi.

Nikakaa chini. Nikaonja.

"Ni sato, baba," nikasema. "Nimemkaanga, halafu nikamtia nyanya na kitunguu. Ana ndimu kidogo."

Akaweka tonge mdomoni, akatafuna. "Na ugali?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza ugali una ladha gani. Nimesoma hadi chuo kikuu. "Ni ule wa kwetu," nikasema. "Muhogo na mtama. Muhogo una uchachu."

"Na nini tena?"

"Ni hivyo tu, baba."

Alitikisa kichwa, si kwa ukali. "Mama yako anafikaga mpaka kwenye moshi."

Nikakata tonge lingine, nikafumba macho, nikalitafuna polepole mpaka nikaupata.

"Upo," nikamwambia, naye akala.