Siku Tuliyopimwa Mizani

Tangazo lilisomwa kanisani kwetu Kitale, miaka ile ya themanini: watoto wenye shida ya mwendo wapelekwe Bungoma wakapimwe mizani, na kila mmoja aje na ndugu yake mzima ili walinganishwe. Mdogo wangu alizaliwa na shida hiyo. Miguu yake ilikuwa na mambo yake. Ndugu mzima nilikuwa mimi, cheo nilichojivunia kupita kiasi.

Mama alisikia mizani, akaelewa ile ya kliniki, inayomwaibisha mzazi mbele ya wenzake mtoto akiwa mwepesi. Kwa hiyo wiki nzima tulilishwa ugali, maziwa ya mgando na ndizi, mpaka tukaogopa kumsikia akiingia jikoni.

"Kureni," alituhimiza. Alikuwa mzaliwa wa Bungoma, na kwake kula na kura ni neno moja. "Mkipatikana wepesi, watasema ati siwarishi."

Mama akigeuka, mdogo wangu alinisukumia sahani yake. Mimi mlafi nilidhani ananipenda.

Mama hakuwa na wazimu. Mwalimu mkuu wa shule yetu alikuwa amekataa kumwandikisha mdogo wangu. Alisema shule si hospitali, na mtoto asiyeweza kusimama paredi peke yake mpaka bendera ifike juu hatamchukua. Mama alitumaini kwamba karatasi ya wapimaji itamlegeza. Naye mdogo wangu aliitaka shule ile kufa na kupona. Kila jioni alinilazimisha nimsomee madaftari yangu, hata nikayachukia zaidi ya nilivyokuwa nikiyachukia.

Kule Bungoma hatukuona mizani. Tulimkuta dada mmoja, mtaalamu wa viungo, ana saa ya kubonyeza inayoning'inia shingoni na chaki mkononi. Alikuwa amechora nyayo mbili sakafuni.

"Sasa mizani iko wapi?" mama aliuliza.

"Mizani ni wao wenyewe, mama. Tunapima mtoto anavyojisawazisha akisimama."

"Si mngesema mapema," mama alisema. "Nimemariza unga bure."

Nilitangulia ili mdogo wangu aone inavyofanywa. Mguu mmoja juu, mikono kifuani, macho nimefumba. Tumboni nilikuwa na chai ya asubuhi ya watu wawili. Kwikwi ikanishika, nikayumba, nikaangukia mkoba wa yule dada. Aliandika bila kucheka. Mpaka leo, katika faili fulani, yumo mtoto mzima wa Kitale asiyeweza kusimama, na ninawaomba radhi wataalamu.

Mdogo wangu aliwekwa juu ya nyayo, miguu yote miwili. Mama akamshika kiwiko, kama kawaida.

"Mwachilie," dada alisema.

Mama alimwachilia kidole kimoja kimoja. Mdogo wangu akayumba, akajirudisha, akayumba tena. Saa ilizidi kwenda. Mama alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo, kisha akasahau kuhesabu, akalia. Hakuna aliyewahi kumwacha muda wa kutosha kujua anaweza. Niliona aibu, kwa sababu mimi pia nilipenda kumshika, na nilipenda zaidi kusifiwa kwa kumshika.

Mwalimu mkuu aliisoma karatasi, akaikunja.

"Karatasi haisimami paredi," alisema. "Mlete kesho."

Wiki hiyo ilikuwa zamu ya darasa letu kupandisha bendera. Nilimpokonya mwenzangu kamba kwa ahadi ya ndizi ambazo sikuwa nazo tena. Mdogo wangu alisimama mstari wa mbele, mikono kifuani, mwalimu mkuu akimtazama miguu. Nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote. Bendera ilipaa kama nguo inayoanuliwa mvua ikianza, na kabla watu hawajakaa sawa ilikuwa juu.

Nilijua kiboko kinakuja, na nilikuwa tayari kukipokea.

"Mwalimu," mdogo wangu alisema, "huyu ameharakisha. Apandishe tena."

Mwalimu mkuu alimtazama yeye, kisha mimi.

"Shusha," aliniambia. "Upandishe polepole, kama inavyotakiwa."

Niliishusha. Nikaipandisha polepole, na kila nilipotaka kuvuta haraka nilikutana na macho ya mdogo wangu, yananikaripia. Ilipofika juu, aliyekuwa anatetemeka miguu ni mimi.